Walikata wapi?

Daktari alikuwa kijana, pengine hajafika hata miaka 30, na aliuliza kwa upole. Alikuwa amekwisha kumpapasa mwanangu tumbo, amelifuata kwa kidole lile kovu linalokatiza juu ya kitovu kutoka ubavu mmoja hadi mwingine, amemtazama ulimi, amemgonga magoti kwa kinyundo. Kisha akanigeukia.

“Mama, huyu alipopasuliwa akiwa mchanga, walikata wapi?”

“Tumboni,” nikajibu.

“Sawa mama, tumboni. Nauliza kipande gani cha utumbo. Na kilikuwa kirefu kiasi gani?”

Mchumba alikuwa na miaka sita na miezi minne siku hiyo. (Mchumba si jina lake. Ndivyo babu yake anavyomwita, kwa utani wa babu na mjukuu, na ndivyo nitakavyomwita hapa.) Kwa muda wote huo nilikuwa nimehifadhi kichwani kila kitu cha kuzaliwa kwake: wiki 29, gramu 1,120, kitanda cha tatu kutoka dirishani, khanga niliyojifunga siku aliyoingizwa chumba cha upasuaji, saa kamili mlango wa chumba kile ulipofunguliwa tena. Hilo moja sikulijua. Sikuwahi kuuliza, wala hakuna aliyewahi kunieleza, na kwa miaka sita sikujua kwamba ni jambo la kujua.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, naishi Morogoro. Mimba ya Mchumba ilikuwa yangu ya kwanza. Mwaka 2016, nikiwa na wiki hizo 29, presha ilipanda ghafla, uso na miguu vikavimba, kichwa kikaniuma mpaka nikawa naona vimulimuli. Nilipewa rufaa ya Dar es Salaam usiku uleule, na kabla jua halijachomoza mtoto akatolewa kwa upasuaji ili tupone wote wawili. Nilimwona siku ya tatu. Paja lake halikuzidi kidole changu cha kati. Manesi walinifundisha kumbeba kifuani, ngozi kwa ngozi, kwa mtindo wa kangaruu, ule ulioanzia Bogotá nchini Kolombia mwaka 1978 kwa sababu mashine za joto zilikuwa hazitoshi. Nilikaa naye hivyo mchana kutwa na usiku kucha. Akaanza kuongezeka gramu moja moja.

Siku ya 17 nilikwenda kumlisha saa kumi na mbili asubuhi. Kwenye wodi ya njiti, kabla ya kumimina maziwa kwenye mpira wa puani, unavuta kwanza kwa bomba la sindano uone kama yale ya awali yameshuka. Nilivuta, yakaja ya kijani. Nesi aliangalia lile bomba, akaangalia tumbo la mtoto, na hatua zake zikabadilika. Tumbo lilikuwa limejaa, linang'aa, mishipa inaonekana kama iliyochorwa kwa kalamu. Kabla ya saa nne nepi ilikuwa na damu, na mtoto alikuwa anasahau kupumua. Anaguswa unyayo, anakumbuka, anasahau tena. Picha ya eksirei ilipotoka nilisikia madaktari wakitamka herufi tatu juu ya kichwa changu: NEC. Kwa Mtanzania wa mwaka ule herufi hizo zilikuwa za Tume ya Taifa ya Uchaguzi. Nilisimama pale nikishindwa kuunganisha mambo hayo mawili, nikidhani labda nimechanganyikiwa kwa kukosa usingizi.

Jina lake refu ni nekrotaizingi enterokolaitisi. Kwa lugha yetu ni kuvimba na kufa kwa utumbo. Utumbo wa njiti haujakomaa: ukuta wake ni mwepesi, damu inayoufikia ni ya kubahatisha, na kinga yake haijajifunza kuishi na bakteria. Bakteria wakiuvamia, mwili unapigana vita asivyovimudu mtoto wa kilo moja. Ukuta unavimba, hewa inaingia ndani ya nyama ya utumbo wenyewe, na hiyo ndiyo daktari anayoitafuta kwenye eksirei, viputo vidogo vidogo vilivyopangana kando ya utumbo. Ukiendelea, unatoboka. Mwaka 1978 daktari mpasuaji aitwaye Martin Bell na wenzake waliupanga ugonjwa huu katika madaraja matatu, na mpaka leo madaktari wanatumia mpangilio uliotokana na ule. Mtoto wangu alianza na la pili asubuhi, akafika la tatu jioni.

Ugonjwa unapenda sehemu fulani kuliko nyingine. Mara nyingi unashambulia kipande cha mwisho cha utumbo mwembamba, kinachoitwa ileamu, na mwanzo wa utumbo mpana unaopokezana nacho. Naomba msomaji akishike kipande hicho, kwa maana nitakirudia.

Mama mkwe wangu alikuwa amesafiri kutoka Matombo, milimani Uluguru, akalala kwenye mabenchi ya nje na chupa ya dawa ya mizizi ndani ya mkoba. “Mwanangu,” aliniambia, “huo ni mchango. Watoto wetu wote wamepita hapo.” Sikumpa mtoto dawa ile, na yeye hakunilazimisha. Lakini sikumdharau hata kidogo, wala leo simdharau. Tumbo la mtoto mchanga linalovimba na kuua ni jambo ambalo bibi zetu walilijua kwa macho kabla hospitali hazijafika kwao, na walilipa jina. Shida ya jina mchango ni kwamba linabeba kila kitu, kuanzia msokoto wa gesi hadi utumbo uliotoboka, na mtoto mwenye utumbo uliotoboka hana saa za kusubiri mizizi ichemke.

Kuna jambo lilinitafuna kwa muda mrefu na nitalisema haraka. Siku nne za mwanzo maziwa yangu hayakutoka, mtoto akapewa ya kopo. Baadaye nilisoma kwamba mwaka 1990 Alan Lucas na Tim Cole walichapisha katika jarida la Lancet utafiti wa njiti 926 nchini Uingereza: walionyweshwa kopo peke yake waliugua ugonjwa huu mara 6 hadi 10 zaidi ya walionyweshwa maziwa ya mama peke yake. Usiku nilioisoma habari hiyo sikulala. Daktari wa wodi ndiye aliyenisaidia, miaka kadhaa baadaye, kwa sentensi moja: “Mama, nimewapasua pia watoto ambao hawajawahi kuonja kopo.” Maziwa ya mama yanapunguza hatari, hayaifuti. Hata hivyo natamani pangekuwa na maziwa ya mama mwingine siku zile nne. Nairobi, hospitali ya uzazi ya Pumwani ilifungua benki ya maziwa ya mama mwaka 2019. Najua ndugu zetu Waislamu wana swali la undugu wa kunyonya, nalo ni swali halali linalostahili kumbukumbu safi za nani kamnyonyesha nani. Ni suala la kuandikwa vizuri kwenye daftari. Mambo mengi katika makala hii, mtaona, ni ya daftari.

Alipasuliwa usiku. Kipande kilichokufa kilikatwa, na ncha ya utumbo ulio hai ikatolewa nje upande wa kulia wa tumbo, kama tundu dogo jekundu, ili haja ipitie pale mpaka ndani papone. Chakula kamili cha kupitia mshipani, ambacho Stanley Dudrick na wenzake kule Philadelphia walionyesha mwishoni mwa miaka ya 1960 kwamba kinaweza kumkuza mtoto asiyekula kabisa, kilipatikana kwa siku chache, kikaisha. Baada ya hapo ilikuwa dripu na tone moja moja la maziwa yangu.

Mifuko ya kukingia haja ya saizi ya mtoto wa kilo moja na kidogo haikuwepo. Ile ya watu wazima ilimfunika tumbo zima na kumchubua. Maji yanayotoka kwenye utumbo mwembamba yanaunguza ngozi, kwa sababu bado yana vimeng'enya vya kumeng'enya chakula, na ngozi ya njiti nayo yaweza kumeng'enywa. Mume wangu ni fundi cherehani. Alikata khanga zangu kuukuu, akazishona mikanda laini yenye kijishimo katikati na kitambaa cha kubadilishia juu yake, mikanda 40, tukawa tunaifua na kuianika zamu kwa zamu, na mimi nampaka krimu ya zinki pembeni mwa tundu. Wazazi wengine wodini wakaja kumwomba awashonee, akawashonea. Sijui kama amewahi kushona kitu kwa umakini kama ule.

Mtoto alikuwa anakula lakini haongezeki. Wiki mbili nzima mzani haukusogea. Mpaka daktari mmoja alipopima mkojo wake na kukuta chumvi karibu hakuna: ilikuwa yote inavuja kwenye lile tundu, na mtoto asiye na chumvi mwilini hakui hata ukimlisha vipi. Akaandikiwa matone ya maji ya chumvi. Uzito ukapanda siku ya nne. Nalitaja hili kwa sababu kuna mzazi mahali fulani sasa hivi ana mtoto mwenye tundu la tumbo, asiyeongezeka, na analaumiwa kwamba maziwa yake ni mepesi.

Alipofika miezi minne walimrudisha chumba cha upasuaji, wakaunganisha utumbo, tundu likafungwa. Siku ya kuruhusiwa wodi nzima ilipiga vigelegele. Nilipewa karatasi moja, nusu ukurasa: amefanyiwa upasuaji wa tumbo, ameendelea vizuri, aendelee na kliniki. Mtu aliyeiandika alikuwa na watoto wengine 30 wa kuwaangalia siku hiyo, simshutumu. Tukaambiwa mtoto amepona. Tukaamini, na nani angekataa neno lile?

Kliniki ya kwetu ilimpima uzito na kumchanja. Mstari wake kwenye kadi ulipanda taratibu, chini kabisa ya mistari mingine. Alitembea akiwa na miezi 22. Akila chipsi au maandazi yenye mafuta mengi, alikuwa anaharisha maji ya njano siku nzima. Tulisema tumbo lake ni jepesi. Akijaa gesi tulisema amekula vibaya. Kila kitu kilipata maelezo ya siku yake, na hapakuwa na hata mmoja wetu aliyeziweka siku hizo pamoja.

Darasa la kwanza ndipo mambo yalipobadilika. Mchumba alianza kuchoka. Anarudi shule saa sita, analala na sare mpaka magharibi. Macho yalipauka. Zahanati walimpima malaria, hakuna, wakampa dawa ya malaria hivyohivyo. Wakampa dawa ya minyoo. Damu ilipopimwa ikawa 7.1, wakampa vidonge vya madini ya chuma vilivyochanganywa na foliki asidi, vile wanavyopewa wajawazito. Damu ikapanda hadi 9.4 na sote tukashangilia.

Lakini akawa anajikwaa. Mtoto aliyekuwa anaruka kamba akawa anatembea huku anaangalia chini. Usiku aliniambia, “Mama, miguu yangu ina sisimizi.” Nikavua shuka, nikatafuta sisimizi. Nilitafuta kweli, kwa tochi ya simu. Na shuleni, kwenye darasa la mwalimu mwenzangu, mtoto aliyekuwa amekwisha kusoma silabi za ba be bi bo bu akawa anaziangalia kama wageni.

Ndipo tukapewa rufaa, na ndipo yule daktari kijana akauliza walikata wapi.

Alinieleza kwa kuchora nyuma ya fomu ya maabara. Mwili unahitaji vitamini B12 kutengeneza damu na kulinda neva. Vitamini hiyo inatoka kwenye nyama, maziwa, mayai na samaki, na Mchumba alikuwa anakula dagaa na mayai kama watoto wengine. Ila ina mlango mmoja tu wa kuingilia mwilini, na mlango huo uko kwenye ileamu, mwisho wa utumbo mwembamba. Sehemu nyingine za utumbo zinaweza kujifunza kazi za jirani: ileamu ikibaki yenyewe inaweza kuchukua kazi nyingi za sehemu ya juu. Kinyume chake hakiwezekani. Kipande cha mwisho kikiondoka, hakuna anayerithi kazi yake ya B12 wala ya kurudisha mwilini chumvi za nyongo, zile zinazosaidia kumeng'enya mafuta. Ini lina akiba, kwa hiyo upungufu hauonekani wiki ya kwanza wala mwaka wa kwanza. Unakuja baada ya miaka, wakati kila mtu ameshasahau wodi.

Na vile vidonge? Foliki asidi inaweza kuinua damu ya mtu mwenye upungufu wa B12, ikamfanya aonekane anapona, huku neva zinaendelea kuharibika chini kwa chini. Nilipoambiwa hivyo nilikumbuka tulivyoshangilia ile 9.4.

Kipimo cha B12 hakikuwepo pale hospitali. Sampuli ilipelekwa maabara binafsi, tukalipa mfukoni, na majibu yalirudi kiwango kikiwa chini sana. Akaanza sindano. Dawa yenyewe ni nyekundu, nyekundu ya juisi ya rosela, na Mchumba aliiogopa kwa rangi kuliko kwa maumivu. Damu iliitika ndani ya wiki chache. Sisimizi walichukua miezi.

Daktari alitaka kumbukumbu ya upasuaji. Nilirudi hospitali tuliyolazwa, mara tatu, kwa basi. Mara ya kwanza faili lilikuwa halionekani. Mara ya pili niliambiwa mafaili ya miaka ile yalihamishwa, mengine yaliloa stoo. Mara ya tatu nililia kwenye dirisha la masijala, na nesi mmoja mtu mzima, amebakiza mwaka astaafu, akanishika mkono. “Mwanangu, faili linapotea. Daftari la tiata halipotei.” Chumba cha upasuaji kina daftari kubwa lenye mistari, kila mgonjwa mstari mmoja, na daftari zikijaa zinawekwa kabatini. Alinikalisha, akapotea saa nzima, akarudi nalo limefungwa kwa kamba ya katani.

Mstari wetu ulikuwepo. Tarehe, jina la mtoto wa fulani, na maneno machache ya Kiingereza kwa wino wa bluu: ileamu ya mwisho pamoja na vali na mwanzo wa utumbo mpana, sentimita 24. Nilipiga picha kwa simu. Nikauliza kama naweza kuugusa, akacheka, akasema gusa.

Sentimita 24 zinasikika kidogo. Kwa mtoto wa wiki 31, mwenye utumbo mwembamba mfupi kuliko wa mtoto aliyetimiza miezi, si kidogo. Lakini kuna upande mwingine ambao daktari aliusisitiza, nami nausisitiza kwa mzazi anayesoma haya akiwa wodini: katika miezi mitatu ya mwisho ya mimba utumbo mwembamba huongezeka urefu karibu maradufu, na njiti anaendelea na ukuaji huo nje ya tumbo la mama. Aliyekatwa mapema bado ana utumbo ambao haujaota. Wapo wanaobakiwa na kidogo mno, wakahitaji chakula cha mshipani kwa miezi au miaka, na ugonjwa huu ni miongoni mwa sababu kubwa za watoto kuishi na utumbo mfupi. Mchumba si miongoni mwao. Yeye alibakiwa na wa kutosha, ila kipande alichopoteza kilikuwa na kazi za pekee.

Mstari ule mmoja ulifafanua miaka sita. Kuharisha kwa mafuta: chumvi za nyongo ambazo zingenyonywa na ileamu zinamwagika kwenye utumbo mpana na kuvuta maji. Gesi na kujaa: ile vali iliyokatwa ilikuwa ndiyo geti linalozuia bakteria wa utumbo mpana wasipande juu, na sasa geti halipo. Ulitufundisha pia ya kuangalia mbele. Mtu wa namna hii yuko karibu zaidi na vijiwe vya nyongo, kwa hiyo akilalamika maumivu ya ubavu wa kulia baada ya kula tusiite vidonda vya tumbo. Na vijiwe vya figo, kwa sababu mafuta yasiyonyonywa yanashikana na kalsiamu, na oksaleti, kemikali iliyomo kwenye baadhi ya mboga, iliyopaswa kukamatwa na kalsiamu hiyo inabaki huru, inaingia kwenye damu na kutokea kwenye mkojo. Mchicha una oksaleti nyingi. Hatukumnyima mchicha, huwezi kulea mtoto Morogoro bila mchicha, lakini anaula na dagaa au mtindi, na chupa ya maji haimtoki mkononi. Halafu kuna makovu ya ndani, ambayo yanaweza kuushika utumbo na kuukunja hata miaka mingi baadaye: akitapika kijani huku tumbo limejaa na choo hakitoki, ni hospitali siku hiyohiyo, si chai ya tangawizi.

Wala si waliopasuliwa peke yao. Tuna kundi la WhatsApp la akina mama tuliokutana wodini. Mmoja, tunamwita Mama Pacha, pacha wake mmoja aliugua wiki moja na ya Mchumba, akatibiwa kwa dawa tu, bila kisu. Tulimwonea wivu. Wiki sita baadaye mtoto akaanza kujaa tumbo na kupata choo chembamba kama uzi. Utumbo ulipokuwa unapona, kovu lilikuwa limeubana kwenye utumbo mpana. Akapasuliwa wakati ambao kila mtu alikuwa amemwambia mama yake ashukuru. Kubanwa huko kunawapata wengi tu wanaopona ugonjwa huu, na dalili hutokea majuma au miezi baadaye, mtoto akiwa tayari yuko nyumbani.

Nimeacha la kichwa mpaka mwisho kwa sababu ndilo gumu kwangu. Nimefundisha watoto kusoma kwa miaka 14. Wa kwangu alichelewa. Anazungumza vizuri, ana kumbukumbu ya nyimbo inayonishangaza, lakini mkono wake unashika penseli kwa shida na hesabu za kukopa zinamtoa machozi. Mwaka 2005 watafiti wa Marekani, Susan Hintz na wenzake, walichapisha matokeo ya watoto waliozaliwa chini ya gramu 1,000, wakiwafuata hadi kati ya miezi 18 na 22 ya umri uliorekebishwa, yaani unaohesabiwa tangu tarehe ambayo mtoto alitarajiwa kuzaliwa. Walioupata ugonjwa huu na kuhitaji upasuaji walikuwa nyuma kwa ukuaji wa mwili na wa akili kuliko njiti wenzao wasiougua. Waliotibiwa kwa dawa tu hawakutofautiana sana na hao wenzao. Wengine wanaachwa na mtindio wa ubongo. Sumu ya vita vile vya tumboni inasafiri kwenye damu hadi kwenye ubongo ambao nao bado unajengwa, na majuma ya njaa yanakuja juu yake.

Kwa Mchumba, kiasi gani ni unjiti, kiasi gani ni ugonjwa, kiasi gani ni ile miezi ya kukosa B12? Nilimuuliza daktari. Alisema hakuna kipimo cha kutenganisha. Lakini sehemu ya tatu, ile ya B12, ilikuwa inazuilika kwa sindano, na ingezuilika kama mtu angeandika sentimita 24 na neno ileamu kwenye ile karatasi ya nusu ukurasa. Hapo ndipo hasira yangu ilipo. Simkasirikii mtu. Nakasirikia karatasi.

Mwaka 2025 sheria ya kazi Tanzania ilirekebishwa ili mama wa njiti aongezewe muda wa likizo ya uzazi, baada ya miaka ya sauti za watu kama Doris Mollel, ambaye mwenyewe alizaliwa njiti. Nilifurahi mpaka nikalia. Mimi nilirudi darasani mtoto bado ana tundu tumboni. Ninachotaka kifuate ni kliniki ya njiti isiyoishia kwenye chanjo. Mtoto aliyekatwa utumbo aonwe mpaka aanze shule na kuendelea, apimwe damu na B12 kila mwaka, aangaliwe anavyotembea na anavyoshika kalamu. Na wewe uliye wodini leo, mwenye mtoto aliyetoka tiata: usitoke bila kuuliza kipande gani, sentimita ngapi, vali imebaki au imeondoka. Andika kwa kalamu yako mwenyewe, juu ya jalada la kadi, kwa herufi kubwa.

Mchumba sasa ana miaka tisa. Sindano ni kila miezi mitatu. Mwezi uliopita tulimkuta nesi mpya, binti mdogo, akachukua kadi akaanza kuniuliza historia ya mgonjwa. Kabla sijafungua mdomo, mgonjwa mwenyewe akajibu, huku anakunja mkono wa sare.

“Ileamu ya mwisho. Sentimita 24. Vali hakuna.” Kisha akamwangalia usoni. “Ile nyekundu, dada. Upande wa kushoto, wa kulia ulichomwa mara iliyopita.”